Hakuna Aliyecheka Klabuni

Dada yangu alijiunga na klabu ya saikolojia chuoni kwao kwa ajili ya biskuti. Yeye anakataa kabisa, lakini mimi ndiye niliyemfungulia mlango siku hiyo, akiwa bado na makombo kwenye kola. Akasema, "Kuna klabu inakutana kila Jumamosi, chai bure, biskuti bure, halafu wanaongea mambo ya akili za watu. Nimejiandikisha."

Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Hizo akili zinatengenezwa, au zinaongelewa tu?"

"Zinachunguzwa, Mama."

"Haya. Anza na ya mdogo wako, tujue kwa nini haongei."

Mdogo wake ndiye mimi. Niko kidato cha tatu, na ni kweli siongei, yaani mbele za watu. Nyumbani naongea mpaka wananitoa jikoni, ila nikivuka tu mlango ulimi unalala. Darasani mwalimu akiniita nasimama, natabasamu, nakaa. Na sicheki. Hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu kicheko changu kina matatizo. Kinaanza kwa kukoroma, kinakwama, kinakoroma tena, halafu kinawaka chote kwa mpigo mmoja. Nyumbani jina langu ni Pikipiki. Shuleni hakuna anayelijua hilo jina, na nilikuwa nimepanga libaki hivyo mpaka nimalize shule.

Basi, Dada akaingia klabu, na biskuti zikasahaulika haraka sana. Mwaka wa tatu ulipofika alikuwa katibu wa utafiti na hakuwa na hadithi nyingine. Ukimwambia kichwa kinakuuma, anakuuliza kilianza kuuma baada ya kumwona nani. Tena alishaamua: akimaliza shahada ya kwanza, anaunganisha na masta. Kuna chuo kingine, kikubwa kuliko chake, kinachukua wachache sana kila mwaka na kinawasomesha bure. Ndiyo nafasi aliyoitaka, na ndiyo pekee tungeiweza, maana Mama na cherehani yake wamejitahidi mpaka hapo na yeye mwenyewe alishasema, "Mwanangu, mimi huku kwenye masta sifiki. Ukibebwa, bebwa."

Akaitwa kwenye usaili. Siku hiyo tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na sisi tukamgongea na yeye.

Usaili wenyewe ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyokuwa inakuja. Kila anayeitwa anatakiwa aende na utafiti wake mwenyewe, hata mdogo, aueleze na kuutetea mbele ya wahadhiri watatu. Jioni nilikuwa nawaigiza hao wahadhiri. Navaa miwani ya Mama, nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nauliza, "Kwa nini tukuchague wewe na si mwenzako?" Dada anajibu amesimama wima kama anaapishwa. Tukifika kwenye utafiti ananiambia, "Hapo pita. Hapo nina bomu."

"Nieleze na mimi."

"Siruhusiwi. Klabu ina sheria, mtu wa nje haambiwi utafiti mpaka uishe. Ila nakwambia, matokeo yangu yanapingana na vitabu. Vitabu vyote, Pikipiki!"

Alikuwa anang'aa, nisiseme uongo. Hata mimi ambaye sikujua kitu nilitembea nimevimba kichwa.

Jumamosi akanichukua klabuni nimsaidie kubeba mabango. Nilikubali kwa sharti moja, nisisalimiwe. Klabu inakutana kwenye chumba cha ghorofa ya pili, mwisho wa korido, chenye viti vya plastiki vya rangi mbalimbali, ubao mweupe ambao haufutiki vizuri, na birika la umeme linalopiga kelele kuliko kazi linayofanya. Wanachama walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Mwenyekiti wao ni kijana mrefu, koti na tai Jumamosi asubuhi, na anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Siku hiyo walikuwa wanamkaanga Dada. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kukaanga. Mwenzao akiwa na usaili, wote wanamzunguka na kumpiga maswali mpaka jasho limtoke, halafu wanampigia makofi.

Kabla ya kukaanga, Dada akasema bado anakosa mshiriki mmoja wa mwisho kwenye utafiti wake, na aliyepangwa hajafika. Mwenyekiti akaangaza macho chumba kizima, akaniona nyuma ya bango.

"Na huyu?"

"Huyo mdogo wangu, mwacheni," Dada akasema.

"Kiti kimoja tu, dakika mbili. Dogo, twende."

Sijui kukataa. Hilo nalo ni tatizo la watu wasioongea. Wakanipeleka chumba kidogo cha pembeni, nikaambiwa nikae nisubiri kuitwa. Kulikuwa na wengine watatu wamekaa wanasubiri, au ndivyo nilivyojua. Mara dada mmoja, nikaja kujua ndiye mweka hazina wa klabu, akachomoa simu akasema, "Hebu sikieni hii. Kwa nini meza haivai viatu?"

Jamaa wa pembeni akasema, "Kwa nini?"

"Kwa sababu leo Jumanne."

Wote watatu wakaangua kicheko.

Mimi nikafikiria meza. Nikafikiria Jumanne. Nikakumbuka leo ni Jumamosi. Wale bado wanacheka, mmoja anajipiga paja, na mimi nikasikia kitu kinakoroma, nikajua nimekwisha. Nilifunika mdomo kwa mikono yote miwili, kikapita puani. Kikakwama. Kikakoroma tena. Halafu kikawaka. Nilicheka mpaka kiti cha plastiki kikawa kinatembea, machozi yananitoka, na nilipofungua macho wale watatu walikuwa wamenyamaza kitambo wananitazama mimi, na kwenye kioo cha mlango kulikuwa na vichwa kama vya watu wanaoangalia ajali.

Ningepata shimo ningeingia.

Mlango ukafunguliwa. "Huyu vipi?" Mwenyekiti akauliza, si kwa ubaya, kwa mshangao tu. "Wote tuliokaa hapo hakuna hata mmoja aliyecheka."

"Msimhesabu," Dada akasema haraka. "Huyu ndivyo alivyo."

Nikapata sauti, sijui ilitoka wapi, ndogo kama ya mbu. "Samahani. Sikujua kama hairuhusiwi kucheka."

Nyuma yao alikuwa amesimama mlezi wa klabu, mhadhiri mmoja mama wa makamo, kikombe mkononi. Akawapita wote, akachuchumaa mbele yangu.

"Nani kasema hairuhusiwi, mwanangu?"

"Hakuna. Ila kama wote hawakucheka... nilidhani mliambiana."

Akaniangalia. Kisha akanyanyuka na kuwageukia wanachama. "Swali dogo. Wakati mnakaa kwenye kiti hiki, nani hakujua kwamba huu ni utafiti wa kuona kama mtu atacheka kwa sababu wenzake wanacheka?"

Hakuna mkono ulioinuka.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikamwona Dada anaelewa, uso unashuka taratibu kama pazia. Siri yao ya klabu wameificha kwa dunia nzima, nyumbani, kwa jirani, kwangu mimi, kwa kila mtu, isipokuwa watu wanaokalishwa kwenye kiti. Desturi yao ni hiyo: mwenzako akiwa na utafiti, unaujadili naye Jumamosi hii, Jumamosi ijayo unakaa kiti. Walijua mtego uko wapi, wakaukwepa mmoja mmoja, wakajikaza kisabuni wasicheke. Na Dada akaandika kwamba binadamu hafuati mkumbo.

"Kwa hiyo bomu langu..." akasema.

"Umeonyesha kwamba mwanasaikolojia akijua anachunguzwa ananuna," mlezi akasema. "Si haba. Lakini Ijumaa usiende na hilo peke yake."

"Mwalimu, leo Jumamosi! Nitapata wapi watu?"

"Watu wapo tele. Tafuta wasiojua. Na uje kwangu na mpango wako kabla hujamgusa mtu, nione unawaombaje ruhusa."

Njiani kurudi nyumbani Dada alitangulia mbele. Nilibeba mabango yote mimi. Tulipofika karibu na nyumba akasimama. "Umeniharibia."

"Samahani, Dada."

"Hapana, sikiliza. Ningekwenda nalo lile bomu. Wale wahadhiri wangeniuliza swali moja tu, kama alilouliza mlezi. Swali moja!" Akanishika mabega, akanitikisa mpaka mabango yakaanguka. "Umeniharibia kabla hawajaniharibia wao. Twende kwa Mama Mdogo."

Mama Mdogo ana saluni. Draya mbili, sinki moja, benchi refu dirishani, na wateja wanaosubiri mpaka wanasahau walikuja kufanya nini. Dada alipomweleza, akaweka kitana chini.

"Yaani mnataka kuwachekesha wateja wangu?"

"Hatuwachekeshi. Tunaangalia kama watacheka."

"Na wakikasirika?"

"Tunawaomba kwanza. Tunasema ni utafiti kuhusu watu wanavyosubiri, asiyetaka hakuna ubaya. Halafu mwisho tunawaeleza ukweli wote, na asiyependa tunamfuta."

"Haya. Mkinifukuzia hata mmoja, mtasuka wenyewe."

Mlezi akapitisha mpango, akabadilisha maneno mawili matatu, na Jumanne baada ya shule tukawa saluni. Wengine wangesikia kichekesho na hakuna anayecheka, wengine wangesikia huku msaidizi anacheka, ili Dada alinganishe. Wasaidizi walikuwa mwenyekiti na mweka hazina. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kukunja taulo.

Wale wa kimya walikwenda vizuri. Mwenyekiti anasoma kwenye simu, "Kwa sababu leo Jumanne," mteja anamwangalia, anarudi kwenye mambo yake. Mama mmoja alisema, "Pole."

Wakaja wale wa kicheko. Mwenyekiti akasoma, halafu akacheka. Jamani. Alicheka kama anavyoongea. "Ha. Ha. Ha." Mteja akauvuta mkoba wake karibu. Wakabadilishana, mwenyekiti akasoma tu, mweka hazina akacheka, lakini alichelewa, na alipoanza akamtazama kwanza mteja kuona kama anamtazama. Mteja akauliza, "Mnauza kitu?"

Dada akawatoa nje wote wawili. Niliwaona kupitia dirisha wanafanya mazoezi ya kucheka kando ya barabara, na watu wanavuka upande wa pili.

Kisha Dada akaja akakaa kwenye rundo la taulo. Akaniangalia tu.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Dada, siwezi. Hawa watu siwajui."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

"Nitakoroma!"

"Pikipiki," akasema, sasa sauti ya chini, ile isiyo na klabu ndani yake. "Ijumaa imebaki siku tatu. Nina watu wamekaa pale, wamekubali, na sina mtu wa kucheka. Ukisema huwezi sitakulaumu, nitatafuta njia nyingine. Lakini njia nyingine siijui."

Mama Mdogo alikuwa anamwosha mtu kichwa na amezima bomba ili asikie vizuri. Niliangalia benchi. Kulikuwa na mama mwenye rola kichwani na uso wa mtu aliyekuja kudai, na pembeni yake nafasi moja.

Nilikwenda nikakaa. Miguu ilikwenda yenyewe, nadhani iligundua kwamba ikiniuliza itaambiwa irudi.

Mwenyekiti akaingia, akakaa mbele yetu, akatoa simu. "Kwa nini meza haivai viatu?"

Mama wa rola hakugeuka.

"Kwa sababu leo Jumanne."

Na safari hii kweli ilikuwa Jumanne! Sikuwa nimelifikiria hilo. Hakuna aliyelifikiria. Yaani ghafla kichekesho kilikuwa kimepata sababu, sababu ya kijinga kabisa, na mwenyekiti naye ndiyo kwanza anagundua, uso umemganda. Kikakoroma. Nilikiacha. Kikakwama, kikakoroma tena, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu wageni sikuweka mkono mdomoni.

Kilipowaka, mama wa rola aligeuka kunitazama kama anayetaka kuniitia zimamoto. Mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja. Akaukaza. Ukacheza upande wa pili. "Wewe mtoto," akasema, "wewe mtoto una nini," na hapo akapasuka. Rola moja ikaruka ikaingia kwenye sinki. Mteja wa kwenye draya, ambaye hata kichekesho hakukisikia, akawa anacheka akiuliza, "Nini? Nini?" Mama Mdogo alishika ukuta.

Tulirudia mpaka jioni. Na Jumatano pia, na hapo Jumanne haikunisaidia tena, lakini sikuhitaji. Si wote waliocheka, tena Dada alifurahi zaidi kwa hao. Msichana mmoja aliniangalia mwanzo mpaka mwisho, mkavu, akasema, "Kamwone daktari." Dada akaandika. Na kila mmoja akaelezwa ukweli mwishoni. Mama wa rola alipoambiwa alisimama.

"Kwa hiyo nimecheka bure?"

"Hapana, Mama. Umecheka kwa ajili ya sayansi."

"Basi hiyo sayansi inirudishie rola yangu." Lakini alipoulizwa kama afutwe, alikataa. Alitaka abaki, tena awe wa kwanza.

Alhamisi wakamkaanga mara ya mwisho, uani kwetu, kwa sababu klabu haikuwa na chumba siku hiyo. Mama alishona huku anasikiliza. Ubishi ulikuwa mmoja tu. Mwenyekiti alisema habari za wale wa klabuni asiziguse. "Unao utafiti mzuri wa saluni. Kwa nini uwaambie ulikosea? Wana watu wengi wa kuchagua, usiwape sababu."

"Wakiuliza?" Dada akasema.

"Hawatauliza wasichokijua."

Nilimwona Dada anasitasita. Kwa kweli hata mimi nilitaka anyamaze. Nafasi ni chache, mtu ufike pale na kujianika? Ila akatikisa kichwa. "Saluni bila klabu ni vicheko tu, na vitabu vilishasema. Kilicho changu mimi ni hizi mbili zikiwa pamoja. Wanaojua na wasiojua. Nikificha moja, ninaenda kutetea nini?"

"Wakikukata?" mwenyekiti akauliza.

"Watakuwa wamenikata nikiwa na kilicho changu."

Mama akaondoa mguu kwenye cherehani. "Sijaelewa hata kimoja," akasema, "lakini hilo koti lako, kijana, bega moja limeshuka. Lete." Akamrekebishia palepale, na ubishi ukaishia hapo.

Ijumaa niliomba ruhusa shuleni. Niliomba kwa mdomo wangu, mwalimu akashtuka akanipa kabla sijamaliza sentensi. Mama alikuwa na nguo za watu, hivyo nilimsindikiza Dada mimi. Jengo lenyewe lina korido ndefu, sakafu inayoteleza, na benchi la mbao ambalo wanaosailiwa wanakaa wakijifanya wanasoma. Dada akaitwa, akaingia. Nikabaki nang'ata kamba ya mkoba wake.

Alikaa humo mpaka nikaanza kuhesabu vigae. Alipotoka alikuwa mweupe kama unga.

"Wamesemaje?"

"Nimeanza na klabu. Nimewaambia, washiriki wangu wote walijua mtego. Mmoja wao akavua miwani. Akasema, sasa hayo unatueleza ya nini?"

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo sehemu ya kwanza, nina ya pili. Wakaniuliza maswali, Pikipiki, maswali! Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe mimi nimekaa. Mmoja anasema watu wa saluni wanajuana, mwingine anasema ndiyo, apime tena wasiojuana. Halafu wakasema asante, subiri nje." Akajitupa kwenye benchi. "Asante ni nzuri au mbaya?"

"Wewe ndiye mwanasaikolojia!"

Mlango ukafunguliwa, karani akachungulia. Akamtazama Dada, akasema, kama mtu anayeuliza saa, "Wewe. Rudi mara moja ujaze anwani yako. Na Jumatatu uje na vyeti halisi, si nakala. Wanaochukuliwa tu ndio wanaleta halisi, kwa hiyo usiwatangazie hawa wengine hapa."

Alilisema hilo mbele ya benchi zima.

Dada hakupiga kelele. Alinishika mkono akaufinya mpaka nikasikia vidole vinagongana, halafu akaingia akiacha mkoba na kalamu, kiatu kimoja kimemvuka nusu. Mimi nikabaki nataka kuruka, nataka kumpigia Mama, nataka kumwambia mtu, mtu yeyote.

Pembeni yangu alikaa msichana aliyekumbatia karatasi zake kifuani. Akaninong'oneza, "Mpe hongera dada yako. Na wewe unasubiri kuitwa?"

"Mimi bado," nikasema. "Imebaki kama miaka saba hivi. Kwanza nimalize shule, halafu chuo, halafu niingie klabu. Ila mlezi wa klabu kasema naweza kuanza kuja hata sasa, Jumamosi, nikae tu nisikilize. Wewe utafiti wako unahusu nini?"

Akanieleza. Nikamuuliza washiriki wake aliwapata wapi, na kama walijua. Akafikiri, akasema hawakujua, akazishusha karatasi mapajani. Tukaendelea kuongea mpaka karani akatoka tena na kutuambia tupunguze sauti.